Kaptula ya Mzee Maruge

Chepsaita, upande wa Turbo katika kaunti ya Uasin Gishu, watu wana jicho kali. Mbio za nyika zinapofanyika hapa, mtazamaji aliyesimama kando ya njia hahitaji saa wala mtangazaji ili ajue nani ameanza kuishiwa. Huona mabega yakipanda na mkono mmoja ukitupwa nje kuliko mwenzake, akasema, "Huyo amekwisha." Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba lugha ya picha katika sinema ni ya wasomi wa vyuo. Watu hawa wanaisoma tayari. Sifa zangu ziwaendee wale wanaoiandika: fundi wa mavazi, fundi wa taa, mpiga picha, na yule anayeamua kikombe kikae wapi mezani.

Chukua filamu ya The First Grader ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Justin Chadwick. Inatuhusu kwa karibu, maana Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza hapo Eldoret, katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Oliver Litondo ndiye anayemwigiza. Mzee anafika langoni, anarudishwa kwa kukosa sare. Anaichukua suruali yake ndefu, anaikata, anaishona, kisha anarudi amevaa kaptula na soksi zilizovutwa juu.

Kwetu mzee ni koti na kofia, hata jua likiwaka. Kaptula ni ya mtoto. Fundi wa mavazi amekutanisha umri wa aina mbili kwenye mwili mmoja, akaongeza fimbo mkononi, na mpiga picha akamsimamisha mzee katikati ya watoto wanaomfika kiunoni. Hakuna anayehitaji kutamka neno aibu wala neno ushujaa. Yote mawili yamo kwenye magoti yale makavu yaliyo wazi. Katika filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu, kazi kama hiyo inafanywa na nywele za mhusika Ziki zenye rangi nyingi, lakini pale rangi inapiga kelele. Hapa kitambaa kilichokatwa kinatosha.

Kisha kuna penseli, na hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Darasani penseli ni kitu kisicho na hatia. Mzee anapotakiwa aichonge, ncha ile inamrudisha kizuizini mwa wakoloni, miaka ya 1950, alikotobolewa sikio kwa penseli kali. Tangu hapo mtazamaji hawezi tena kuiona penseli mkononi mwa mtoto yeyote kwenye filamu hii bila kushtuka kidogo. Umbo halikubadilika. Kilichobadilika ni sisi, na tumebadilishwa kwa mpangilio tu: nini kionyeshwe kwanza, nini kifuate, kwa ukaribu gani. Mwandishi wa riwaya angehitaji kurasa kadhaa. Barua ya kutoka ofisi ya rais, ambayo mzee anayo na hawezi kuisoma, nayo inafanya kazi yake kwa njia hiyo hiyo, ingawa kwangu penseli inaipita mbali.

Lakini fundi huweka nusu tu ya maana. Nusu nyingine huletwa na mtazamaji. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilimtoa Maruge wa kweli nyumbani kwake, akaishia kambi ya wakimbizi wa ndani hapa Eldoret, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amehamia Nairobi. Alifariki Agosti 2009, kabla filamu haijaonyeshwa. Mtu wa London anapouona mlango wa shule ukifungwa mbele ya mzee Mkikuyu, anaona urasimu. Mtu wa Uasin Gishu anaona hilo, na anaona pia majirani, na miezi ile ambayo bado hatuizungumzi kwa urahisi. Waliopanga tukio hilo walikuwa na busara ya kuiacha picha ikae kimya muda wa kutosha ili na sisi tuingie na ya kwetu.