Joto Kwanza, Chakula Baadaye

Kasuku mdogo mwenye uso wa rangi ya machungwa, mgongo wa kijani na duara jeupe kuzunguka jicho si mgeni Shinyanga. Wakulima wa mtama wanamfahamu kwa hasara. Wataalamu humwita kasuku wa Fischer, kwa jina la mvumbuzi Mjerumani Gustav Fischer, na asili yake ni huku huku, kusini mwa Ziwa Victoria. Mwaka 1987 ndiye aliyeongoza kwa kuuzwa kati ya ndege wote wa porini katika biashara ya kimataifa. Tanzania ilikuja kuzuia usafirishaji wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na siku hizi wanaofugwa Ulaya na Marekani ni wa kuzaliwa tunduni.

Hilo linaweka sharti mbele ya mbinu ninayoichambua hapa, yaani kumlea kinda kwa mkono katika nyumba mpya. Kumtoa kinda kwenye tundu la mbuyu huko Kishapu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Ninayemzungumzia ni kinda aliyeanguliwa kwa mfugaji mwenye kibali, akafiwa na wazazi au akakataliwa nao.

Wengi wetu tumekulia kwenye kuku, na uzoefu huo ndio unaotupoteza. Kifaranga wa kuku hutoka kwenye yai na manyoya yake, macho wazi, na hachelewi kudonoa. Kinda wa kasuku huanguliwa baada ya siku 23 hivi, kipofu, karibu uchi, na hali ila alichotapikiwa mdomoni. Anayemchukua amerithi kazi mbili za mama: kumpa joto la mwili na kumpa chakula kilicholainishwa. Mlezi mgeni hukimbilia hiyo ya pili.

Hapo ndipo makinda wanapokufa. Kinda aliyepoa hameng'enyi kitu. Chakula hukwama kwenye gole, kile kifuko cha chini ya shingo, kinachacha, fangasi na bakteria wanazaliana, kisha mlezi anashangaa kwa sababu kinda "alikuwa anakula vizuri". Hakuwa anakula, alikuwa anajazwa. Kinda wa siku za mwanzo anahitaji nyuzi joto 35 hadi 36; manyoya yakianza kuchomoza, 30 hivi zinatosha. Mchana wa Shinyanga unaweza kukusaidia, usiku wa Juni na Julai hapana. Balbu ni nzuri mpaka umeme ukatike, kwa hiyo chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa iwe tayari. Ikae upande mmoja tu wa boksi, ili kinda anayeona joto limezidi apate pa kusogea. Akihema mdomo wazi na kutanua mabawa, amezidiwa na joto. Akijikunyata na ngozi kupauka, ameshikwa na baridi.

Safari nayo ina hesabu yake. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea wa Mwanza na Geita foleni ya kivuko, lakini barabara bado inatikisa, na kinda mwenye gole lililojaa hutapika na kupaliwa. Asafirishwe gole likiwa karibu tupu. Akifika, kila mtu nyumbani atataka kumlisha, na hapo mlezi awe mkali. Apate joto kwanza, gole limalizike, ndipo apewe mlo wa kwanza, mwepesi kuliko kawaida.

Uji wenyewe usiwe wa sembe. Sembe haina protini wala kalsiamu ya kutosha kujenga mifupa inayokua kwa kasi hiyo, na maziwa ya ng'ombe hayameng'enywi vizuri na ndege. Kinachofaa ni unga maalumu wa makinda ya kasuku, uliokorogwa kwa maji ya moto na kupozwa hadi nyuzi 38 hadi 41. Ukipoa chini ya hapo, gole huzubaa. Ukizidi sana, huliunguza, na kidonda hicho huweza kutoboka hadi nje ya ngozi siku kadhaa baadaye. Kidole hakiwezi kupima tofauti hiyo, nunua kipimajoto.

Bomba la sindano, bila sindano yenyewe, huingizwa upande wa kushoto wa mdomo wa kinda likielekea kulia, maana umio hupita kulia. Kinda mwenye njaa hutikisa kichwa juu na chini, akipampu. Wakati huo ndipo uji uende. Akiacha, nawe acha, la sivyo uji utaingia mapafuni. Kiasi ni kama sehemu ya kumi ya uzito wake: wa gramu 30 anapata mililita 3. Kwa kinda wa wiki mbili, ni kila baada ya saa nne mchana, na usiku gole liachwe liishe kabisa.

Gramu hizo hazionekani kwenye mizani ya duka la nafaka. Katika ukanda huu tuna bahati moja ambayo wafugaji wengi hawana: mizani ya dhahabu, inayosoma hadi sehemu ndogo za gramu. Pima kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza. Uzito usiopanda kwa siku mbili ni habari mbaya kabla macho hayajaiona. Ila mizani iliyogusa zebaki isimguse kinda.

Na zebaki ndiyo ingenifanya nikatae kumkabidhi mtu kinda, hata kama vifaa vyote anavyo. Kwenye nyumba za wachimbaji wadogo, dhahabu iliyoshikwa na zebaki huchomwa juu ya jiko la mkaa, wakati mwingine jikoni kwenyewe. Hewa ya ndege hupita mapafuni kuelekea upande mmoja, bila kusimama, kwa msaada wa vifuko vya hewa, na sumu humwingia haraka kuliko mtu. Ndiyo sababu migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza ilitumia chiriku wa kufugwa kugundua gesi, ikawastaafisha 1986. Moshi wa mkaa na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula kilichopashwa kupita kiasi humuua vile vile. Nyumba inayochoma dhahabu ndani isifuge kasuku, na watoto wake nao watolewe humo.

Iwapo wazazi wake wako hai na wanamlea, sioni sababu ya kumtoa. Kinda anayeshikwa dakika chache kila siku, kisha akarudishwa kiotani, hutoka mpole, na anajua kuwa yeye ni ndege. Aliyelelewa peke yake huishia kumtaka mtu kama mwenzi. Porini naye harudi: hakufundishwa kundi, wala mwewe.

Kuachishwa uji huanza karibu na wiki ya sita. Mwekee mtama uliolowekwa na mboga sakafuni mwa tundu, aucheze kabla hajaula. Uzito utapungua kidogo, labda sehemu ya kumi, na hilo lisikutishe. Mlo wa jioni uwe wa mwisho kuondolewa, na mizani iendelee wiki mbili baada ya hapo.