Hipnosi ilivyopunguza nguvu ya mazoea ya kusoma

Msomaji mzoefu hawezi kujizuia asisome. Neno likishatua machoni pake, limeshasomeka. Mwaka 1935, huko Nashville, Marekani, mwanasaikolojia John Ridley Stroop aliupima ung'ang'anizi huo. Kutaja rangi za miraba 100 kuliwachukua washiriki wake wastani wa sekunde 63. Rangi zilipokuja kwa sura ya maneno yanayozipinga, kama "nyekundu" lililoandikwa kwa wino wa buluu, muda ulipanda hadi sekunde 110.

Kwa miongo kadhaa kuchelewa huko kulihesabiwa kuwa jambo lisiloepukika. Mwaka 2002 mtafiti wa ubongo Amir Raz na wenzake, akiwemo mwanasaikolojia Michael Posner, wakakujaribu kwa hipnosi.

Kazi ilianza kwa kuchuja watu, kwa kuwa si kila mtu huitikia hipnosi. Vipo vipimo maalumu vya kuwapambanua: katika kimojawapo, kilichotungwa Chuo Kikuu cha Stanford, mhusika huambiwa kuna mbu anamzengea, kisha huangaliwa kama atampunga. Raz alichukua waitikiaji wazuri 16 na wagumu 16. Wakiwa ndani ya hipnosi, waliambiwa kwamba baadaye, wakisikia makofi, wataona kwenye skrini alama zisizo na maana, kama maandishi ya lugha ngeni, nao wasijaribu kuzipa maana yoyote. Kazi yao ingekuwa kubonyeza kitufe cha rangi ya wino, haraka na bila kukosea.

Kisha waliamshwa. Jaribio lenyewe walilifanya macho wazi, akili timamu. Makofi yalipopigwa, wale waitikiaji wazuri hawakucheleweshwa tena na maneno pinzani. Wagumu walibaki na kigugumizi kilekile cha siku zote.

Je, hawakuwa wanalegeza macho tu ili herufi zififie? Mwaka 2003 kundi hilohilo liliwatia washiriki matone yanayopooza msuli wa lenzi ya jicho, wasiweze kubadili fokasi ya macho kwa makusudi. Matokeo hayakubadilika. Miaka miwili baadaye, picha za MRI zilionyesha kwamba kwa waitikiaji wazuri shughuli ilipungua katika sehemu mbili: maeneo ya nyuma ya ubongo yanayoshughulikia kuona, na singuleti ya mbele, inayoamka pale majibu mawili yanapogombana. Raz alihitimisha kwamba agizo lilizuia mgongano mapema, kabla neno halijaanza kushindana na rangi.

Hitimisho hilo, pamoja na nafasi ya hipnosi yenyewe, vimetikiswa kutoka pande mbili. Pigo la kwanza lilitoka kwa Raz mwenyewe mwaka 2006: waitikiaji wazuri walipopewa agizo lilelile bila hipnosi yoyote, kuchelewa kwao kulipungua vilevile. Kumbe kilichofanya kazi ni agizo, na ile hali ya hipnosi haikuwa sharti. La pili lilitoka Ufaransa mwaka 2012. Maria Augustinova na Ludovic Ferrand walitumia maneno ambayo si majina ya rangi lakini yanaikumbusha rangi fulani, kama "anga" linavyokumbusha buluu. Agizo lilipunguza kuchelewa kwa jumla, lakini sehemu inayotokana na maana ya neno ilibaki palepale. Kwa ushahidi huo, washiriki walikuwa bado wanasoma, na badiliko lilitokea mbele zaidi, katika hatua ya kuchagua jibu lipi litolewe.