Dohani ya Kibanda cha Bati: Namna ya Kuijua Iliyo Bora

Mtu anayenunua kibanda cha chakula mjini Eldoret, kiwe kimesimikwa kando ya barabara au kimeundwa juu ya trela ya kukokotwa, kwa kawaida hukagua rangi, kufuli na matairi. Dohani huitupia jicho mara moja, akaridhika akiona bomba limetokeza paani. Huo si ukaguzi. Kibanda ni chumba kidogo cha bati chenye paa la chini, na humo huwaka kuni, makaa au gesi, karai la chipsi likichemka kutwa. Hapo ndipo fundi wa jua kali hujulikana kama ni fundi kweli, na kigezo ni kimoja: dohani hupimwa kwa njia ya hewa, tangu inapoingia kibandani hadi inapotokea juu. Mng'ao wa bomba hauna neno lolote hapo.

Kwa hiyo anza kukagua chini. Moshi hupanda kwa sababu hewa baridi, iliyo nzito kuliko moshi huo, huingia na kuusukuma. Kibanda kisicho na tundu la kuingizia hewa kitarudisha moshi machoni mwa mpishi hata bomba liwe refu namna gani. Fundi stadi hukata tundu karibu na sakafu, hulifunika kwa wavu wa kuzuia panya, na halifanyi dogo kuliko mdomo wa bomba. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano, hivyo msukumo nao hupungua. Mtu atasema kwamba baridi ya huku hufidia upungufu huo, maana hewa ya nje ikiwa baridi zaidi, moshi hupanda kwa nguvu zaidi. Ni kweli, hasa alfajiri. Lakini baridi hiyohiyo hupoza bomba jembamba kabla moshi haujafika juu, na ndiyo inayomfanya mpishi afunge mlango na dirisha mwezi wa Julai. Tundu la chini ndilo linalobaki kumwokoa.

Juu ya jiko tazama mwavuli, yaani lile bati pana linalopokea moshi. Ukiishia sawa na ukingo wa jiko, haufai, kwa sababu moshi na mvuke hutanuka vikipanda; uzidi jiko kwa sentimita 15 hivi kila upande. Kisha fuata bomba kwa macho. Likinyooka, vizuri, likilazimika kupinda, bora mipindo miwili ya nyuzi 45 kuliko mmoja wa nyuzi 90. Kuna mafundi wanaobana upana ili kuokoa bati, wakidai kwamba urefu utafidia. Hesabu haiwaungi mkono. Ukiongeza urefu mara mbili, mkondo wa hewa huongezeka kwa kama asilimia 40 tu, ilhali bomba lenye kipenyo mara mbili lina nafasi mara nne. Kwa trela kuna shida ya ziada, maana bomba refu litagonga matawi barabarani. Aliyetengeneza kipande cha juu kinachochomoka wakati wa safari amefikiria kuliko aliyekata bomba fupi na kuliacha hivyo.

Maungio ya bomba ndiyo hunipendeza zaidi kuyachunguza. Kipande cha juu kinapaswa kuingia ndani ya kile cha chini, ili lami ya moshi iteremke ndani na kurudi motoni. Wengi huunga kinyume, na sababu yao si ya kipuuzi: wanahofia mvua ipenye kwenye maungio. Ila mvua huzuiwa na kofia ya juu pamoja na bati la kuziba pale bomba linapotoboa paa, na hunyesha kwa msimu. Lami hutiririka kila siku penye kuni mbichi, na ukiona michirizi myeusi nje ya bomba, umeshapata jibu. Uliza pia geji. Bati la paa la geji 30, lenye unene wa kama milimita 0.3, halistahili kukaa karibu na mwali. Zinki yake huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Kipande cha kwanza kiwe chuma cheusi cha geji 16.

Wapo wanaoona feni inamaliza mjadala. Feni nzuri husaidia, lakini stima ikipotea hugeuka kizuizi ndani ya bomba, na kama tundu la hewa halipo, huweza kuvuta moshi wa jiko la makaa lililo pembeni uingie chumbani. Wa gesi nao wasijione wamesalimika: mvuke, mafuta na hewa ya sumu ya kaboni havionekani kama moshi wa kuni, lakini vimo.

Kabla hujamlipa fundi salio lake, mwambie awashe moto, funga mlango na dirisha, uache tundu la chini pekee, kisha pitisha udi unaofuka kwenye ukingo wa mwavuli, pande zote nne. Moshi wake ukivutwa ndani kila upande, lipa. Ukitambaa darini, kazi bado haijaisha.