Pongezi kwa Mafundi wa Vipeperushi

Miongoni mwa wenye kazi wa mtaa wa Donholm, jijini Nairobi, wastahilio shukrani, mimi huwatanguliza wale mafundi wa vibanda vya uchapaji ambao, ijapokuwa majina yao hayaandikwi popote, ndio wazitangazao shule za chekechea, zahanati na saluni za upande ule wa Barabara ya Outer Ring. Mteja huja na maneno tele, akitaka yote yaingie katika kipeperushi. Naye fundi, kwa adabu na subira, humsaili kwanza: hiki atakisoma nani, na akishakisoma afanye nini? Suala hilo, kwa rai yangu, ndilo nusu ya kazi, na wengi wenye kompyuta za thamani hawaliulizi.

Kisha huja hesabu. Karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 297 ilazwapo, ikikunjwa mara mbili huzaa kurasa 6. Lakini ukurasa ule wa kukunjiwa ndani fundi huupunguza milimita 1 au 2 usije ukajikunyata, na rangi ya pembeni huivusha milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, ili kisu kikikengeuka pasionekane weupe. Picha huitaka yenye nukta 300 kwa inchi, wala hairidhii iliyotumwa kwa WhatsApp, hata mwenyewe akinuna. Na kabla kazi haijapelekwa kwenye mitambo mikubwa ya Eneo la Viwanda, nambari ya simu huisoma kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, mteja akisikiliza, ndipo humpa kalamu atie sahihi.