Kutoka Bodélé hadi Amazon: Uhakiki wa Hoja ya Chanzo Kimoja cha Vumbi

Makala hii inahakiki hoja iliyotolewa na Koren na wenzake (2006) kwamba takriban nusu ya vumbi linalofika katika bonde la Mto Amazon kila mwaka hutoka sehemu moja tu ya Jangwa la Sahara, yaani Bodélé, nchini Chad. Hoja hiyo ina madai mawili: la kwanza linahusu namna upepo unavyotimua vumbi, na la pili linahusu mahali vumbi hilo linakoishia. Msimamo wa uhakiki huu ni kwamba dai la kwanza limethibitishwa vyema, ilhali la pili limeegemezwa juu ya la kwanza bila ushahidi wake lenyewe.

Kuhusu upepo, watafiti hao wako katika njia sahihi. Bodélé iko kaskazini-mashariki mwa Ziwa Chad, na upepo wa kaskazini-mashariki huifikia baada ya kubanwa katika uwazi ulio kati ya milima ya Tibesti na Ennedi. Vipimo vilivyochukuliwa Chicha mwaka 2005 viliongeza jambo muhimu: mkondo wa upepo huwa na nguvu zaidi usiku, hewa ya chini inapopoa na kutulia, hivyo mkondo ukaepuka msuguano wa ardhi. Asubuhi, jua linapoipasha ardhi joto, hewa huchanganyika na kasi iliyokuwa juu hushuka chini. Hapo upepo huvuka kiwango cha takriban mita 10 kwa sekunde kinachohitajika kutimua vumbi. Aidha, sakafu ya Bodélé ni mashapo ya diatomu yaliyoachwa na ziwa kubwa la kale. Mashapo hayo ni mepesi na husagika kwa urahisi. Kwa hiyo, umbo la nchi, saa ya siku na aina ya udongo hushirikiana, na hakuna kimojawapo kinachotosha peke yake.

Udhaifu unajitokeza tunapopima takwimu za ikisiri ya makala hiyo kwa kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Inaelezwa kwamba tani milioni 40 husafirishwa kila mwaka hadi Amazon, na kwamba Bodélé hutoa zaidi ya tani milioni 0.7 kwa siku katika asilimia 40 ya siku za majira ya baridi. Tukichukua kipindi cha Novemba hadi Machi, chenye siku zipatazo 150, tunapata siku 60 za vumbi na takriban tani milioni 42. Ili nusu ya vumbi la Amazon, yaani tani milioni 20, itoke huko, karibu nusu ya vumbi lote lililotimuliwa lazima livuke zaidi ya kilomita 7,000. Hata tukiongeza kiasi cha kuanzia kwa theluthi moja, bado zaidi ya theluthi yake ingelazimika kufika. Ilhali vumbi hilo hilo huanguka njiani: huzijaza hewa za Niger na Nigeria wakati wa harmattan, na sehemu nyingine huoshwa na mvua au kuzama baharini. Dai la namna hii linahitaji hesabu ya vumbi linalopotea njiani.

Suala la pili ni la mbinu. Setilaiti za Terra na Aqua zilikuwa zikipita juu ya eneo hilo takriban saa nne na nusu asubuhi na saa saba na nusu mchana. Nyakati hizo zinafaa kulinasa wimbi la vumbi la asubuhi, lakini picha mbili haziwezi kusimulia siku nzima, wala haziwekei chembe alama ya asili zinapochanganyika na vumbi la maeneo mengine ya Sahara.

Kazi ya Yu na wenzake (2015) inaonyesha njia bora zaidi kwa kupima vumbi kwa kimo angani. Makadirio yao ni tani milioni 28 hivi kwa mwaka, zikiwa na takriban tani 22,000 za fosforasi. Hata hivyo, kiwango hicho cha fosforasi kilitegemea kwa sehemu sampuli za Bodélé. Iwapo mchango wa Bodélé ni mdogo kuliko inavyodhaniwa, makadirio ya rutuba inayoufikia msitu nayo yatahitaji kupitiwa upya.

Kwa kuhitimisha, ukubwa wa chanzo si uthibitisho wa mahali mzigo unakofika. Utafiti wa pepo za mabondeni umeeleza kwa ufasaha kwa nini Bodélé hutimua vumbi. Kinachobaki ni kulinganisha kemia ya vumbi linalookotwa Amazon na ile ya vyanzo vyote vinavyowezekana. Hadi hapo, neno "nusu" lisomwe kama dhana inayongoja kupimwa, na tafiti zinazolinukuu zilitaje hivyo.