Dada Mbele, Magitaa Nyuma

Katikati ya komini ya Lubumbashi kuna jengo lililosimamishwa miaka ya 1950 liwe ukumbi wa tamthilia na muziki, mji ungali ukiitwa Elisabethville. Leo linaitwa Bâtiment du 30 Juin, na wanaopanda jukwaani ni wabunge wa jimbo. Hotuba husikika vizuri sana mle ndani. Nikipita hapo jioni ya Jumamosi, saa ambayo magari ya harusi yanazunguka na honi, huwaona mabinti waliopambwa vizuri wakishuka kwenye teksi, mkoba mmoja mkononi, wamekodiwa kuimba mahali. Huwatafuta wenzao kwa macho: mpiga besi, mpiga ngoma, kijana wa solo na gitaa lake mgongoni. Hawapo. Orkestra nzima imo mkobani, ndani ya flashi.

Sisemi sauti zimekwisha. Katanga haijawahi kupungukiwa na sauti, na baadhi ya mabinti hawa wana makoo ambayo mama zao wangeyaonea wivu. Ninachokililia ni ufundi mwingine, ule wa mwanamke kijana kusimama mbele ya wanaume saba au wanane wenye vyombo, kila mmoja na kiburi chake, akawaongoza wote kwa bega na jicho. Huo haufundishwi darasani. Unaupata kwenye mazoezi ya jioni, kwenye ua wenye vumbi, mpiga besi anapokukemea kwa kuingia mapema.

Nikitaka kukumbuka ulivyokuwa, namkumbuka kwanza Abeti Masikini. Alizaliwa Kisangani mwaka 1954, binti wa Jean-Pierre Finant, mwanasiasa wa upande wa Lumumba aliyeuawa mwaka 1961. Mwaka 1971 aliingia shindano la vipaji vya vijana huko Kinshasa, wala hakushinda, lakini Mtogo mmoja, Gérard Akueson, alimsikia akaona kitu. Mwaka 1973, kabla hajatimiza miaka kumi na tisa, alikuwa kwenye jukwaa la Olympia mjini Paris. Mwaka uliofuata alipanda Carnegie Hall, New York, kisha Septemba akarudi kuimba Kinshasa kwenye lile tamasha la Zaïre 74, ambako alikuwapo James Brown na alikuwapo Miriam Makeba.

Yote hayo yamesimuliwa sana. Mimi nawapenda zaidi waliokuwa nyuma yake. Kundi lake, Les Redoutables, lilikuwa na kaka yake Abumba kwenye gitaa, na gitaa lao halikuwa la rumba tupu. Ndani yake mlikuwa na soul, mlikuwa na blues, na mara nyingine mlikuwa na roki yenye meno, gitaa likikwaruza kwa makusudi kana kwamba linamjibu mtu kwa hasira. Enzi zile Kinshasa iligawanyika kati ya wanamuziki wawili, Franco na Tabu Ley, na kwa masikio mengi nje ya njia zao mbili hapakuwa na njia. Wapo walionung'unika kwamba huyu mtoto anatuletea vitu vya kizungu. Waacheni. Msichana wa umri ule aliyekataa kuwa pambo kwenye orkestra ya mwanamume, akaunda yake, alikuwa tayari amekwisha kupiga roki kabla hata gitaa halijawashwa.

Na orkestra yake ilikuwa shule. Mbilia Bel, ambaye baadaye Afrika nzima ilimjua akiwa na Tabu Ley, alianzia kwa Abeti akiwa bado kigoli. Lokua Kanza, mtoto wa Bukavu, alipiga gitaa humo kabla ya kwenda kutafuta jina lake Ulaya. Wakipita watu kama hao kwenye kundi moja, usiseme ni bahati. Palikuwa na mtu aliyewakalisha chini na kuwarudisha mwanzo wa wimbo mpaka ukakaa.

Sasa nije kwa M'Pongo Love, na hapa msomaji anistahimili, maana kwetu, komini ya Katuba, kaka yangu mkubwa alikuwa na santuri ya dada huyo na hakuruhusu mtu kuigusa. M'Pongo alizaliwa Boma, mbali na sisi, kule mto Kongo unakokaribia bahari. Utotoni ugonjwa ulimdhoofisha miguu, akatembea kwa shida maisha yake yote. Orkestra yake, Tsheke Tsheke Love, ilipangwa pamoja na Empompo Loway, mpiga saksofoni, na ukisikiliza kwa makini utasikia namna saksofoni ile ilivyomjali. Haikumfunika hata siku moja. Sauti ya M'Pongo ilikuwa nyembamba, karibu ya kunong'ona. Mpangaji mzembe angeizamisha kwa tarumbeta. Empompo aliiachia nafasi. Sikiliza "Ndaya", wimbo aliotungiwa na Mayaula Mayoni, yule aliyewahi kuwa mcheza mpira. Dada anaingia kwa kuchelewa kidogo, kama mtu asiye na haraka mlangoni, na hakuna chombo kinachomsukuma. Besi inamngoja. Gitaa la kati linajaza lile pengo kwa noti chache tu, kisha linanyamaza. Kaka yangu alikuwa akiirudisha sindano hapo hapo, mara nyingi mpaka mama alalamike kuhusu betri.

Na nani alikuwa akicheza mbele ya orkestra hiyo? Binti wa hapa kwetu. Tshala Muana alizaliwa Lubumbashi mwaka 1958, na mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mcheza dansi wa Tsheke Tsheke Love. Fikiria jukwaa hilo: mwimbaji ambaye miguu yake haikumtii, na pembeni yake mcheza dansi ambaye bado hakuna aliyemsikia akiimba. Mmoja ana sauti, mwingine ana kiuno, na nyuma yao wanaume wanaowatazama wote wawili ili wajue wakate wapi. Naamini Tshala alijifunza hapo jambo ambalo mutuashi, ngoma yake, ilikuja kulitangaza duniani, kwamba kiuno kinaweza kuongoza ngoma. Mtazame kwenye picha za zamani. Hamngoji mpiga ngoma. Mpiga ngoma ndiye anayemngoja yeye. Akitaka seben, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, iendelee, anageuza bega tu, na solo inarudi mwanzo wa mzunguko. Alikwenda Abidjan, akaenda Paris, akaimba kwa Kiluba cha Kasai na watu wa Nairobi wakamwelewa. Alifariki Kinshasa tarehe 10 Desemba 2022. Wiki ile teksi za mjini kwetu zilipiga "Karibu Yangu" kutwa.

Utaniuliza kwa nini Tshala alilazimika kuondoka Lubumbashi. Katanga yetu si ngeni kwa gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alipita Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi Mwenda Jean Bosco, na vidole vya Bosco vikawatesa wapiga gitaa mpaka Ulaya. Kuna Édouard Masengo, kuna Losta Abelo. Lakini gitaa la Katanga lilikuwa la mtu mmoja na kiti chake, na mtu huyo daima alikuwa mwanamume. Orkestra kubwa, studio na televisheni vilikuwa Kinshasa, na binti mwenye ndoto alipanda ndege au alinyamaza. Baadaye kampuni ya madini, Gécamines, ikaanguka, na pamoja nayo mishahara iliyokuwa ikijaza baa za Kamalondo mwisho wa mwezi. Mwaka 1991 ukaja na uporaji wake. Umeme wenyewe unaujua: migodi kwanza, sisi baadaye.

Kwa hiyo naelewa flashi. Haili, haipandi teksi, haidai malipo ya mwanzo, haigombani na mwenzake kwa sababu ya msichana. Mwenye harusi anayehesabu dola zake atafanya hesabu ambayo hata wewe ungeifanya. Lakini nimesikia bwana harusi akishangilia huku binti ameishusha maikrofoni kiunoni na sauti yake bado inaendelea kwenye spika, na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma, zaidi ya hesabu. Masikio yetu yamekubali. Flashi haimsikilizi mwimbaji. Akichelewa inamwacha, akipandwa na furaha haijui, nasi tunaita hilo kuimba vizuri kwa sababu hakuna aliyekosea.

Mahali pamoja ufundi huu bado unapumua, na ni pale ambapo watu wa muziki wa kidunia hawapendi kupataja. Ingia Jumapili kwenye kanisa lolote la uamsho, komini ya Kenya au ya Katuba. Utakuta besi, solo, kinanda, ngoma kamili nyuma ya kioo, na mbele yao msichana wa miaka ishirini anayeinua mkono mmoja na orkestra nzima inashuka. Wamefanya mazoezi Jumatano na Ijumaa. Wamekemeana. Anaingia kwa kuchelewa kidogo, na besi inamngoja. Nimesimama nyuma kabisa ya waumini, mimi nisiye mwaminifu sana, nikasikia kitu ambacho sijakisikia kwenye sherehe yoyote mjini kwa miaka mingi.

Ibada ilipokwisha nilimwuliza yule msichana, kwa heshima zote, kama anaujua wimbo wowote wa M'Pongo. Aliujua "Ndaya", bibi yake alikuwa akiuimba akisonga bukari. Wapigaji nao waliujua, na yule wa besi alikuwa amekwisha kugusa noti za kwanza, taratibu, bila amplifaya. Dada akamtikisia kichwa. Mchungaji hakubali nyimbo hizo, akaniambia, baba utusamehe, kisha akaanza kukunja waya za maikrofoni.