Nesi wa Shanzu na riba ya benki

Mtoto wa Shanzu, huku Mombasa, anayeutaka unesi njia yake inajulikana: shule ya msingi ya serikali, sekondari, kisha akijaliwa, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, KMTC, tawi la Mombasa, na diploma mkononi. Siku akipanda ndege kwenda kufanya kazi Uingereza, Kenya imepoteza kiasi gani?

Joses Kirigia na wenzake walilijibu swali hilo mwaka 2006 katika jarida la BMC Health Services Research. Walijumlisha gharama ya masomo bila ruzuku. Kwa daktari, msingi dola 10,963, sekondari 6,865, chuo kikuu 48,169, jumla 65,997. Nesi, 43,180. Hapo wakazifanya fedha hizo kama amana iliyowekwa benki. Mtaalamu ahama akiwa na miaka 30, astaafu huko ughaibuni akiwa na 62, na kwa miaka 32 amana izae riba juu ya riba kwa asilimia 6.65. Inakua karibu mara nane: hasara ya daktari mmoja dola 517,931, ya nesi 338,868.

Nikachukua kalkuleta. Ukishusha riba hadi asilimia 3, daktari yule yule anateremka hadi kama dola 170,000. Ukiiacha riba ilivyo, umstaafishe na miaka 55 kama serikali ya Kenya ilivyofanya wakati ule, unapata kama 330,000. Basi sehemu kubwa ya hasara hiyo imezaliwa na riba na umri wa kustaafu. Ada peke yake haifiki huko.

Gharama za msingi na sekondari nazo zilitoka shule moja tu isiyo ya kibiashara. Msingi ghali kuliko sekondari! Mwambie hayo mzazi wa Shanzu uone atakavyocheka. Na nesi aliyepimwa ni wa chuo kikuu, si huyu wetu wa diploma.

Linalonikera zaidi ni hili: nesi aliyemaliza chuo jana na aliyezalisha akina mama usiku kwa miaka minane, katika hesabu hii ni sawasawa. Ujuzi wa wodini umehesabiwa sifuri. Fedha anazotuma nyumbani pia hazikuondolewa kwenye hasara.

Mwaka 2011 watafiti wengine walitumia takwimu za usajili wa wauguzi. Kati ya mwaka 1999 na 2007, asilimia 6 ya wauguzi 41,367 wa Kenya waliomba kuhama. Kwa kila wauguzi 4.5 walioongezwa na vyuo, mmoja aliomba. Kuomba si kuondoka, kweli. Ila tangu afya igatuliwe mwaka 2013, kaunti ndiyo inayomwajiri nesi wa zahanati, na 4.5 kwa mmoja inaweza kuiambia iajiri wangapi. Zile dola 338,868 haziwezi.